Maziwa ya Vuguvugu

Dada yangu alikaa nyuma ya kioo, mimi nikakaa mbele yake, na katikati yetu palikuwa na simu ya ukutani inayonuka dawa ya kuulia vijidudu. Kila asubuhi nilinyanyua mkonga na kusema, "Haloo, hapa kiwandani. Tunaulizia mzigo wetu."

Naye hujibu, "Mzigo haujafika. Na aliyeutuma ana sura ya tapeli."

Hapo nilijua ameamka salama. Dada akinitukana, dunia iko mahali pake.

Mzigo wenyewe ulikuwa uboho wangu. Usicheke, hata mimi nilidhani uboho ni kile kitu cha kufyonza kwenye mfupa wa supu. Kumbe ndimo damu inamozaliwa. Mfupa tunauona kama gogo tu la kuning'inizia nyama, na ndani yake kuna kiwanda kisicho na Jumapili: chembe nyekundu za kubeba hewa, nyeupe za kupigana na maradhi, na zile ndogo ndogo za kuziba mahali palipochubuka. Kiwanda cha dada kilisimama. Hakikuanza na kishindo. Alianza kuwa na mabaka ya zambarau mapajani, akasema ni ukingo wa meza ya kukandia. Fizi zikavuja damu, akasema ni mswaki mpya. Siku aliposhindwa kuinua trei ya mikate, akakaa chini kwenye gunia la unga na kuanza kulia, ndipo baba alipozima tanuri mchana kweupe, kitu ambacho hakufanya hata siku ya msiba wa mama.

Sisi ni watu wa mkate. Baba ni fundi, dada ni mkono wake wa kulia, na mimi ni mdomo: nauza, nasambaza, nabishana na wenye maduka. Ndiyo maana wakaniita Redio. Kaka yetu mkubwa yeye alikimbia unga, akaenda kuendesha lori.

Tulipopimwa nani anafanana na dada, sote tulijua ni kaka. Wale wawili ni chanda na pete. Mimi na dada tumegombana tangu nikiwa na meno ya maziwa. Majibu yakatoka: kaka hafai, Redio anafaa, tena sawasawa.

"Mungu ana utani," dada akasema.

"Kuanzia leo utakuwa mcheshi," nikamwambia. "Pole sana."

Nililazwa kifudifudi, nikalala usingizi wa dawa, wakanichota kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Nilipoamka nilitembea kama bata kwa siku kadhaa, basi. Kwake haikuwa hivyo. Kabla ya kupokea uboho wangu, ilibidi wake kidogo uliobaki ufutwe kabisa kwa dawa. Nywele zikaenda. Mdomo ukajaa vidonda. Daktari wa damu, mtu mrefu anayeongea polepole kama anayehesabu maneno asije akalipishwa, alituketisha akasema bila kupamba: "Tukishafuta, hakuna kurudi nyuma. Uboho wa kijana ukikaa, ataishi. Usipokaa, hana mwingine."

Kisha wakautundika kwenye mfuko, kama damu ya kawaida, ukashuka kwa mrija hadi kwenye mshipa wa kifuani. Nikauliza, "Sasa utajuaje njia ya kwenda kwenye mifupa?"

"Unajua wenyewe."

"Hata bila kuuliza?"

"Hata bila kuuliza."

Basi tukaanza kungoja, na waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo hawakuwa wanatia chumvi. Kila asubuhi walichukua damu wakahesabu chembe nyeupe, na kila asubuhi jibu likawa lile lile: hamna. Si chache. Hamna. Dada yangu alikuwa nyumba bila mlango wala mbwa. Mafua ya mtoto wa jirani yangeweza kumuua. Ndiyo maana ya kioo, ya milango miwili, ya mashine ya hewa inayonguruma darini, na ya muuguzi mkuu wa wodi, mama mmoja mfupi niliyembatiza Sista Sabuni kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake bila kunawa hadi kwenye viwiko. Alijua ninavyomwita. "Sabuni ndiyo inayomlinda dada yako, mjinga wewe," alinijibu. "Nawa tena."

Daktari alipoona nasoma kila bango la ukutani, akaanza kunielezea. Akanambia chembe nyingine zikitoka kwenye uboho haziendi moja kwa moja kazini. Zinapita kwanza kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, zinafundishwa kumjua adui na kumjua mwenye nyumba. Zisizoweza kutofautisha zinauawa humo humo.

"Kwa hiyo chembe za damu nazo zinakwenda sekondari," nikasema.

"Ndiyo. Na wengi wanafeli."

"Afadhali mimi walinirudisha nyumbani tu."

Alicheka kidogo. Akataja wengu, ulio upande wa kushoto chini ya mbavu, unaochuja damu na kuzitoa chembe zilizochakaa. Akataja tezi za shingo na makwapa, ambako askari hukutana na kupashana habari. Nilicheka naye, ila niliporudi kwenye benchi kicheko kikanigeukia. Chembe zangu zilisoma shule ya kifua changu. Zilifundishwa kumlinda Redio. Nani aliziambia kuhusu dada? Nilikaa pale najipapasa shingo kama mtu aliyepoteza kitufe.

Baba hakuuliza daktari kitu. Ni mtu wa kuuliza mikono yake, si watu. Lakini tukiwa njiani kurudi nyumbani siku moja akanambia, "Wewe umesoma yale mabango. Hiki kitu kinafanyaje kazi?"

Nami, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikamwambia kwa lugha yake: "Baba, uboho ni hamira. Ya dada ilikufa. Wamechota yangu kidogo wakamtia. Sasa tunangoja unga uumuke."

Akatembea mpaka kwenye kona ya duka la viatu. Akasema, "Ahaa." Akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikajiona mwalimu mkuu.

Siku zikapita bila chembe. Mkate ulitoka tanurini kama kawaida, lakini baba alianza kuisahau chumvi, wateja wakala na kunyamaza kwa heshima. Jioni moja akiwa anafuta meza alisema, kama anayeongea na kitambaa, "Hamira ikichelewa mtu hakai akaitazama. Anaisaidia."

"Kweli, baba," nikasema, huku nahesabu kreti. Sikuwa nasikiliza.

Asubuhi iliyofuata nikanyanyua mkonga. "Haloo, hapa kiwandani."

Dada hakujibu. Alikuwa amejikunja ndani ya blanketi, kichwa chake kisicho na nywele kikiwa kimeegemea ukuta, na simu ameishika kwa mikono miwili kana kwamba ni nzito. Mwishowe akasema, "Nasikia baridi."

"Niambie nina sura ya tapeli."

"Redio. Mwite Sista."

Alikuwa haniiti Redio. Huniita nyani, kichwa maji, marehemu mtarajiwa. Nikapiga kengele ya ukutani mpaka kidole kikaniuma. Sista Sabuni akavaa gauni na barakoa, akaingia, kipimajoto kikalia. Sikuiona namba, lakini niliuona mgongo wake ukinyooka. Wauguzi wakianza kutembea haraka bila kukimbia, hapo ndipo pa kuogopa.

Baba alikuwa nyuma yangu. Alitangulia hospitali alfajiri, kabla yangu, nami nikadhani ni kwa sababu amekosa usingizi. Macho yangu yakaangukia kwenye meza ya kitanda cha dada. Palikuwa na chupa ya chai ya nyumbani kwetu, ile nyekundu yenye kifuniko kilichopasuka.

"Baba, hiyo chupa imeingiaje?"

"Nilimpa yule binti wa zamu ya usiku, akaipitisha kwenye kidirisha. Akaniuliza kama maziwa yamechemshwa. Nikamwambia yamechemshwa, na ni kweli, nimeyachemsha mwenyewe mara mbili."

"Maziwa tu?"

Akashusha sauti, na nakuapia alikuwa na fahari ndani yake, fahari ya fundi aliyeona lile ambalo wengine hawakuliona. "Maziwa, sukari, na kijiko cha hamira. Nimeyaacha yapoe kwanza mpaka yakawa vuguvugu, nikayapima kwa kidole. Yangekuwa ya moto yangeiua. Nilitaka ifike hai."

Ifike hai.

Kwa mtu yeyote mwingine, ungekuwa ujinga wa kucheka mwaka mzima. Daktari hangeweza kuufanya ujinga huo, wala fundi seremala. Ulihitaji mtu anayejua kabisa joto la maziwa linaloilinda hamira. Na ulihitaji mwenye mdomo kama wangu wa kumwonyesha njia.

Nikataka kunyamaza. Kwa nukta moja nilitaka, naisema kama ilivyo: nilimwona baba akifukuzwa wodini, nikaona uso wake. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuwa nyuma ya kioo kinatetemeka. Sista alipotoka nikamshika mkono wa gauni, kitu kisichoruhusiwa.

"Sista, ile chupa ina hamira. Hai."

Akanitazama kuona kama ni utani. Ndio ubaya wa kuwa mimi.

"Siyo utani," nikasema. "Baba ameitia kwenye maziwa ili imsaidie."

Sista hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alirudi ndani, akaitoa chupa kwa mkono ulionyooka, akaitikisa sikioni. Nusu. Akaenda kumwita daktari.

Baba akauliza, "Kuna nini? Hamira si sumu. Tumeila maisha yetu yote."

"Tumeila imeokwa, baba. Imeshakufa."

"Hata mbichi haidhuru. Mimi huionja kila siku."

"Wewe una askari. Yeye hana hata mmoja."

Nilitaka kuishia hapo, lakini daktari alikuwa amefika, na alimweleza kwa ule upole wake wa polepole ambao ulikuwa mbaya kuliko fimbo: kwamba hamira ni kiumbe hai, kwamba dawa zimechubua utumbo wa binti yake, kwamba kiumbe hai kikipita kwenye michubuko kinaingia kwenye damu, na huko ndani hakuna wa kukizuia. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama mikono yake, pande zote mbili, akaenda kuiweka chini ya bomba la maji pale mlangoni. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Akanawa tena. Hakuna aliyemwambia.

Mimi nikanyanyua mkonga. "Dada. Yale maziwa umekunywa?"

"Nilijua harufu ya hamira kabla sijayaleta mdomoni. Mimi nimeikandia miaka yote, nisiijue?"

"Kwa hiyo hukunywa!"

"Alikuwa amesimama hapo kwenye kioo. Alikuwa anatabasamu, Redio. Tangu niingie humu sijamwona akitabasamu. Nilikunywa mafunda mawili. Mengine kidogo nikayamwaga kwenye sinki alipogeuka."

"Una wazimu wewe?"

"Usipige kelele. Kichwa kinaniuma."

Nikashusha mkonga kwa sababu nilitaka kupiga kelele.

Wakamtoa damu ya kwenda kuoteshwa maabara, waone kama kuna kitu kitaota ndani yake. Wakamtundikia dawa ya vijidudu, na nyingine ya kuua jamii ya hamira na ukungu. Daktari akasema majibu ya kuotesha hayana haraka. Nikamuuliza ikiwa ni hamira, itakuwaje. Akasema, "Tunaitibu kana kwamba ndiyo." Hilo halikuwa jibu la swali langu, na wote wawili tulilijua hilo.

Mchana ule wote baba hakuondoka kwenye benchi la korido. Kaka alipiga simu kutoka njiani, nikamwambia tanuri limefungwa na dada ana homa. Sikumwambia la chupa. Baba alinyoosha mkono akaomba simu, akamwambia mwenyewe, neno kwa neno, mpaka na kidole cha kupimia joto. Sikusikia kaka alijibu nini. Baba alisema tu, "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Ni mimi," akanirudishia simu.

"Ni mimi pia," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekwambia ni hamira."

"Ulinieleza nielewe. Kosa ni kwamba nilielewa."

Kama ni siku nyingine ningecheka. Nilijaribu kutafuta utani wa kumpa, wowote, hata wa zamani. Redio ilikuwa imeisha betri.

Jioni homa ikapanda zaidi, na likaongezeka jingine: mifupa. Dada alisema kiuno kinapasuka, nyonga zinapasuka, mfupa wa kifua unagongwa kwa nyundo kutoka ndani. Sista alimgeuza upande huu na ule. Nilimwona akimung'unya midomo kuzuia kilio, yeye ambaye aliungua na trei akaendelea kupanga mikate. Nikafikiria chembe zangu zimepotea njia, au zimefika na kumkuta mgeni, zinampiga kama zilivyofundishwa. Nikafikiria hamira ikiumuka ndani ya mishipa. Niliwaza mpaka mawazo yakaanza kujirudia kama wimbo mbaya, kisha Sista akanifukuza nikalale.

Asubuhi sikwenda kwenye simu. Niliogopa kunyanyua mkonga. Nikabaki nimesimama karibu na bomba la maji, nanawa mikono misafi, daktari akanikuta hapo.

"Njoo," akasema.

Neno moja. Nikamfuata nikijua kwamba ndugu huitwa pembeni kwa ajili ya jambo moja tu. Tukapita mlango wa maabara, akanikalisha mbele ya hadubini, akasema angalia.

Nikaangalia. Duara jeupe, vidoa vyekundu vimetawanyika, na katikati kitu kikubwa cha rangi ya zambarau chenye tumbo lililokatika vipande vipande, kama embe lililogongwa.

"Ndiyo hamira?" nikauliza. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Hapana. Hiyo ni chembe nyeupe, imetiwa rangi tu ionekane. Changa. Iko nyingine pembeni, sogeza. Na nyingine." Akasubiri nizione. "Zimezaliwa ndani ya mifupa ya dada yako. Hazikuwepo juzi."

Sikuondoa jicho. Nilihofia nikilitoa zitaondoka.

"Mifupa inauma kwa sababu hiyo?"

"Mara nyingi, ndiyo. Kiwanda kikianza kazi mahali padogo, mtu anasikia."

"Na homa?"

Hapo akavuta pumzi. "Huenda ni hiyo hiyo. Chembe zikianza kurudi, wengine hupata homa. Huenda ni yale maziwa. Maabara bado hawajaona kitu kinachoota, lakini ni mapema. Dawa haziachwi. Na hizi chembe ni zako, kumbuka. Tutamwangalia ngozi, viganja, tumbo, tuone zinamchukuliaje. Siahidi kitu."

"Sijaomba ahadi," nikasema. "Nimeomba kukaa hapa kidogo."

Akaniacha.

Nilipomweleza baba, hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliuliza, "Homa imeshuka?" Nikasema bado. Akarudi kukaa. Furaha hakujiruhusu. Siku ile hesabu ilikuwa ndogo kiasi cha kutia aibu, iliyofuata ikaongezeka, homa ikashuka, ikapanda tena saa za mchana, ikashuka. Kila iliposhuka baba alinitazama mimi, kila ilipopanda aliitazama mikono yake. Viganja vya dada vikawa vyekundu kidogo, tukaogopa upya, Sista akampaka dawa na kumchora kwa kalamu pembezoni mwa wekundu ili aone kama unatambaa. Haukutambaa. Maabara wakaleta neno: hakuna kilichoota. Daktari akasema wataendelea kungoja kidogo, ila alisema akiwa amekaa, na daktari yule hakaagi.

Nikanyanyua mkonga. "Chembe zangu zinakupiga?"

"Zinanikwaruza," dada akasema. "Zina kiherehere. Nimezijua ni za nani."

"Ziambie wewe ni dada yao."

"Nimeziambia. Zinabisha." Akajiweka sawa kwenye mto. Midomo yake ilikuwa bado imepasuka, lakini macho yalikuwa yanatafuta kitu nyuma yangu. "Yuko wapi?"

Baba alikuwa amesimama mbali na kioo, karibu na ukuta wa pili, mahali alipojiwekea mpaka mwenyewe tangu siku ile. Nikamwita. Alikuja kwa hatua za mtu anayeingia nyumba ya watu. Nikamwekea mkonga sikioni.

Nilimsikia dada hata mimi, kwa jinsi alivyosema kwa nguvu zake zote.

"Baba. Nina njaa."

Mtu huyu amelisha mtaa mzima tangu sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kutamka neno hilo mbele yake akaondoka mikono mitupu. Nikaona mkono wake wa kulia ukienda kiunoni, kule ambako huning'iniza kitambaa cha kazi, ukakuta hakuna kitu.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Subiri nimuulize Sista."

Akanirudishia mkonga, akaenda kunawa.